Mtani Hashitakiwi

Zamani barazani kwangu hapakuwa na utulivu hata wa kutia uzi kwenye sindano. Nina cherehani ya miguu, nimeiweka nje ya nyumba yangu hapa Kibiti, kando ya njia wanayopita watu wakitoka sokoni, na kila aliyepita alikuwa na neno la kunirushia. Huyu ataniuliza lini nitajishonea sanda, maana jora limepanda bei. Yule atasema suruali niliyomshonea imemfanya mkewe arudi kwao. Nami sikuwa mtu wa kunyamaza. Ulimi wangu ulikuwa mkali na niliutumia bila kupima, ingawa kazi yangu yenyewe ni kupima. Siku hizi watu wanapita wakisema, "Shikamoo, mama," kisha wanakwenda zao.

Nataka kueleza ilikuwaje, kwa sababu nimesikia inavyosimuliwa na wengine, na wanaisimulia vibaya.

Nilikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tano, tukabaki wawili. Alipomaliza shule nilimwekea kiti cha pili mbele ya cherehani, akakikalia wiki moja. Alitaka maji. Baba yake alikuwa mtu wa Salale, kule deltani, na damu haina dawa. Akapata kazi kwenye boti inayobeba barafu kutoka Nyamisati kwenda kununua kamba visiwani, na kila baada ya siku tisa au kumi alikuwa akirudi kwangu na mfuko wa kamba wadogo na nguo za kufua. Hakuwa mtu wa hodi. Akifika kwenye kona ya msikiti, kabla hata sijamwona, alikuwa akipaza sauti: "Mama, ukoko umebaki?" Sauti ilianza juu sana, kama ya mtoto aliyeanguka, halafu ikashuka kwenye neno la mwisho ikawa ya mwanamume. Siku nikimtarajia niliuunguza wali makusudi.

Boti yao ilipigwa na wimbi mlangoni mwa mto. Wenzake wawili waliokolewa wakiwa wameng'ang'ania sanduku la barafu. Yeye hakuonekana. Walimtafuta kwenye mikoko siku nane, wanaume kwa mitumbwi, wakiingia kila kijito maji yakijaa na kutoka yakipwa. Siku ya tisa shekhe alisema inatosha, akaswaliwa swala ya ghaibu, na sisi tukaweka matanga bila maiti wala kaburi.

Kwetu msiba hauendi bila watani. Ukoo wetu na ukoo wa huyu mtu ninayetaka kumsema ni watani tangu kwa mababu. Mkifiwa ninyi, wao ndio wanaochimba kaburi, wanaoteka maji na kupika, na wana ruhusa ya kumkejeli marehemu na wafiwa mpaka wafiwa wacheke. Hairuhusiwi kuwakasirikia. Wakifiwa wao, zamu ni yenu. Nimewahi kumwona bibi mmoja wa ukoo wao akijilaza ndani ya kaburi la mjomba wangu, akisema hatoki mpaka alipwe kuku aliyekuwa akimdai marehemu. Tulicheka tukiwa na machozi mashavuni, na mjomba akazikwa salama.

Huyu mtu ni fundi wa mashine za boti. Ni rika langu, tulikua pamoja. Jina sitalitaja, na hata hivyo mimi sikuwahi kumwita kwa jina. Nilimwita mtani, naye akaniita mtani. Ndiye aliyemfundisha mwanangu kufungua mashine na kuifunga, na alikuwa kwenye mtumbwi wa kwanza kabisa kwenda kumtafuta.

Kwenye matanga hakukuwa na kaburi la kujilaza, basi akavaa jezi ya mwanangu, ikambana tumboni, akajilaza kizingitini. Akasema haondoki mpaka apewe ukoko. Wanawake wakamkokota miguu wakashindwa. Mara akainua kichwa akaita: "Mama, ukoko umebaki?" Ilikuwa sauti yenyewe. Ilianza pale pale juu, ikashuka pale pale. Nyumba nzima ikapiga ukelele, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Tangu nipate habari nilikuwa sijacheka wala sijalia, nilikaa tu mkekani macho makavu. Siku ile nilicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na kilio kile kilinipa nafuu. Nilimshukuru moyoni na bado namshukuru kwa siku ile.

Siku ya kuanua tanga mikeka ikakunjwa, watani wakapewa chao, kila mtu akarudi kwake.

Wiki mbili baadaye, alasiri, nipo kwenye cherehani, nikasikia kutoka kwenye kona ya msikiti: "Mama, ukoko umebaki?" Niliinuka kwa kasi nikaangusha kiti. Nilikimbia bila kanga begani. Alikuwa ameegemea ukuta, mtani, anacheka.

"Loo, mtani! Umekimbia kama mwali kasikia ngoma!"

Nikacheka kidogo. Utani ni utani. Nikamwambia sauti imemkaa vizuri, aende redioni. Lakini akarudia. Alikuwa akiacha siku nne, tano, wiki nzima, mpaka nimeshaanza kusahau, ndipo inakuja. Nilijua ni yeye. Kila mara nilijua ni yeye, na kila mara nilikuwa nimeshasimama kabla ya kujua. Mtu aliyezika ameona udongo ukifunika. Mimi sikuona kitu, na kipande cha moyo wangu kilikuwa bado kinangojea kwenye ile kona. Yeye alijua hivyo.

Nilimfuata kwenye kibanda chake. Alikuwa amefungua mashine, mikono imejaa grisi.

"Mtani," nikamwambia, "leo sitanii. Naomba uache. Nakuomba kwa Mungu."

Akafuta spana taratibu. "Tangu lini mtani akaombwa kuacha? Nijibu. Si una ulimi weye?"

Kesho yake alikuja mara mbili.

Niliwaeleza majirani, wakacheka. Walidhani natafuta maneno ya kumjibu. Nilimwendea kaka yake mkubwa, mtu mzima, anayeswali safu ya mbele. Akaniambia, "Dada, ukimkataa mtani umeukataa na ukoo. Nani atakuzika?" Nikarudi nyumbani. Usingizi ulinikimbia, chakula kilinishinda, nilikuwa nameza uji kama dawa. Watu wanasema mtu aliyekonda hajui kiasi gani amekonda. Fundi cherehani anajua. Gauni langu moja la kijani nililipunguza mara tatu katika miezi mitano, na kila mara nilikuwa najipima mwenyewe, mkanda wa kupimia mkononi, nikiona namba inavyorudi nyuma.

Halafu ikaja simu. Ilikuwa asubuhi, namba ngeni. Nikasikia upepo na mlio wa mashine.

"Mama," ikasema. "Mama, nipo Nyamisati. Nimefika na boti sasa hivi. Njoo na nguo, sina nguo."

Ikakatika. Nikapiga, haipatikani.

Nataka niseme kweli hapa, maana hili ndilo wanalolisimulia vibaya. Wanasema nilirukwa na akili. Sikurukwa na akili. Nilijua. Nilikaa kwenye kiti nikajiambia kwa sauti, huyu ni mtani. Kisha nikaenda ndani, nikatoa suruali yake na shati la mikono mirefu, nikapika wali nikauunguza, nikatia kwenye hotipoti ukoko ukiwa juu, nikasimamisha bodaboda. Nilijua, na nilikwenda. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na asiyejua namwombea asijue.

Nyamisati nilikaa juu ya boriti za mikoko zilizopangwa pale bandarini, nguo mapajani. Ilikuja boti ya kutoka Mafia, nikasimama. Ikaja mitumbwi ya Salale, nikasimama. Nilimtazama kila mwanamume aliyeshuka majini, usoni, kisha mabegani, maana nilikuwa nikimshonea na mabega yake nayajua kuliko uso. Mama mmoja muuza chai akaniuliza namngoja nani.

"Mwanangu."

"Anatokea wapi?"

Nikaonyesha maji. Akanitazama, akaitazama hotipoti. Sijui aliambiwa na nani au alijielewea mwenyewe, lakini ilipofika alasiri aliacha birika lake akaja kukaa na mimi mpaka boti ya mwisho ilipofungwa kamba. Kisha akanitafutia bodaboda ya kurudi.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa halijazama. Mtani alikuwa amekaa kwenye benchi langu la wateja, na wanaume watatu pamoja naye.

"Mtani," akasema, "umemwona?"

Mmoja akacheka. Halafu akaiona ile hotipoti mkononi mwangu, na shati, akaacha kucheka akatazama chini. Mimi nilifungua mdomo nimjibu. Mdomo haukuwa na kitu. Maisha yangu yote sikuwahi kukosa la kujibu, na pale nilikosa, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Kesho yake nilikwenda polisi. Kijana wa kaunta alikuwa mpole, alinipa kiti.

"Amekupiga, mama?"

"Hapana."

"Amekutishia kukuua?"

"Hapana."

"Amekutukana? Matusi gani?"

"Ameniita mama."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba fomu anayompa mtu kwenda nayo hospitali ni ya aliyeumizwa, na ina mahali pa kuandika kidonda kiko wapi. "Na wanasema maneno hayavunji mfupa," akaongeza, kwa kunipoza. Lakini hakuniacha hivyo hivyo. Alinielekeza kwa msaidizi wa kisheria, binti mwenye chumba nyuma ya duka la kutoa fotokopi, akasema nikamjaribu yule.

Binti yule alikuwa mtu wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu. Kanieleza kwamba kuna kesi za madai, na huko swali si nani kampiga nani. Wanauliza kama mtu ametenda jambo ambalo muungwana hawezi kulivumilia, na kama alilitenda kwa kukusudia akuumize, au hakujali kama utaumia. Halafu uthibitishe kwamba ni hilo hasa lililokuumiza, na umeumia sana.

"Sana kiasi gani?" nikamuuliza.

"Si kukasirika, mama. Si kuona aibu. Kiasi kwamba maisha yako hayaendi."

Nikamwonyesha gauni la kijani. Akaligeuza ndani nje, akaona mishono mitatu imepangana, akaniambia nisilifumue.

"Shida yetu moja tu," akasema. "Atasema ni utani."

Aliniuliza nataka fidia kiasi gani. Nikamwambia fidia sitaki. Nilitaka mambo mawili: aache, na aseme mbele ya watu kwamba alikusudia. La pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Watu walikuwa wameshaanza kuniambia ninajiumiza mwenyewe, sijui kutaniwa, na baada ya Nyamisati nilikuwa karibu kuwaamini.

Habari ilienea kabla hati haijamfikia. "Mtani hashitakiwi," walisema, kwa kucheka kwanza, kisha bila kucheka. Shangazi yake marehemu mume wangu alisafiri kutoka Mkongo kuja kuniambia nimewatia aibu. Akala, akalala, akaondoka bila kuaga. Wanawake wa kikundi chetu cha kusaidiana shughuli wakaacha kunipitia. Nilikuwa nakwenda peke yangu kwa binti wa sheria na kurudi peke yangu, na njiani nilikuwa nasikia sauti zikipungua nikikaribia.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Wengi walikuja kama wanaokuja kwenye ngoma, walijua mimi na mtani tukikutana hapakosi kichekesho. Yeye alivaa kanzu safi. Alipoulizwa, alisema kwa adabu kwamba mimi ni mtani wake, kwamba baba zetu walitaniana na babu zetu walitaniana, na kama utani ni kosa basi Rufiji nzima ifungwe. Watu wakacheka, hakimu akawatuliza.

Nikatoa barua ya daktari, kama binti wa sheria alivyonielekeza. Presha, kukosa usingizi, kupungua uzito. Halafu gauni. Hakimu alipitisha kidole kwenye mishono.

"Huu mshono wa tatu uliushona lini?"

"Baada ya Nyamisati, mheshimiwa."

Shahidi wetu wa mwisho alikuwa bibi yule yule aliyewahi kujilaza kaburini kwa mjomba wangu. Ni wa ukoo wao, si wetu. Tulimwomba bila matumaini naye akakubali, na mpaka leo sijui ilimgharimu nini kwao. Hakimu akamuuliza mtani ana ruhusa gani.

"Ruhusa zote," akasema. "Na utani wa msiba unakunjwa pamoja na mkeka. Tanga likianuliwa, marehemu haguswi tena."

"Na kupiga simu?"

"Hino simu mie siijui. Utani mtu anaufanya usoni kwa mwenziwe, ili na yeye apate kumjibu. Ukijificha, utamjibu nani? Huo si utani, baba. Hiyo chuki." Kisha akamgeukia. "Weye una nini na huyu mwanamke?"

Hakimu akamwambia bibi ashuke, lakini swali likabaki pale. Akamuuliza mtani kama alijua maiti haikupatikana. Alijua. Kama alijua nitakwenda Nyamisati. Hilo pia akasema alijua.

"Ulitaka aende?"

"Nilitaka."

"Kwa nini?"

 Alipoanza kusema alikuwa anazungumza na mikono yake. Alisema miaka mingi nyuma, nilipomaliza eda, alikuja barazani kwangu na kitambaa cheupe akaniambia nimshonee kanzu ya harusi. Nikamuuliza harusi ya nani. Akasema yangu na yako. Alikuwa amekwisha kumwambia mama yake. Alikuwa amepaka rangi nyumba.

Nilikumbuka. Nilikuwa nimekumbuka kabla hajamaliza. Barazani siku ile walikuwepo watu sita au saba, na mimi nilidhani ananitania. Ningedhani nini kingine? Mtu niliyetaniana naye tangu tunacheza kombolela! Nikamjibu kama anavyojibiwa mtani. Nikamwambia mimi nimezika mwanamume mzima, siwezi sasa kuolewa na nusu. Aende akaoe mashine ya boti, nayo ikimwona itazima. Watu waligaragara. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote. Kitambaa nilikishona nikamngoja aje kukichukua, hakuja, nikakiuza kwa mtu mwingine.

"Alianza yeye," akamwambia hakimu.

Kwa mara ya kwanza watu hawakucheka.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki kadhaa. Hakimu alisema mila ya utani inatambulika na ina heshima yake, lakini aliyejua kidonda kilipo akakitonesha kwa kusudi hawezi kujifunika kwa mila. Alisema mimi niliumiza bila kujua na yeye aliumiza kwa kujua, na sheria inatazama nia. Nilipokuwa nikisikiliza niliwaza kwamba maumivu yenyewe hayatazami nia. Yeye aliumia sawasawa na kama ningekusudia. Lakini sikusema. Nilikuwa nimeshinda. Asiniite tena, asinipigie, asikaribie barazani kwangu, na aombe radhi mbele ya watu wale wale.

Akasimama. "Nilikusudia," akasema. "Naomba radhi, mama." Hakusema mtani.

Nilirudi nyumbani nikalala mpaka asubuhi. Nikala. Gauni la kijani nililifumua mshono mmoja, baada ya muda wa pili. Yaani nilipata nilichokiomba, sitaki mtu aseme sheria haikunisaidia. Ilinisaidia.

Ila nilikuwa sijajua itaniachaje. Nilikaa kwenye cherehani nikingoja watu wanirushie neno, hawakurusha. Mteja anakuja, anasimama wima kama yuko ofisini, anasema anataka marinda mangapi, anaondoka. Niliwachokoza mimi. Nilimwambia kijana mmoja kwamba kiuno chake kimetoweka, nimpime wapi? Akasema, "Samahani, mama." Nilikwenda msibani kwa jirani, watani walikuwa wameshika moto, mmoja kavaa kilemba cha marehemu. Nilipoingia uani walinyamaza. Nikasikia mwanamke akimnong'oneza mwenzake, "Ukimgusa huyo utakwenda kulisoma jina lako ubaoni mahakamani." Nikala wali wangu pembeni, nikaondoka mapema ili waweze kuendelea. Nilipofika njiani nikasikia kicheko nyuma yangu.

Hayo ningeyazoea. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walituambia tangu utotoni, na ukishatumbuka huna wa kumlaumu. Jambo ambalo sikulitarajia lilikuja polepole. Niligundua kwamba alasiri nilikuwa napunguza mwendo wa cherehani. Mwanzo sikujua kwa nini. Kisha nikajua kwamba ninasikiliza.

Picha za mwanangu ninazo, nne, moja ya shule. Sauti yake sina. Simu yangu ni ya kitochi, haihifadhi kitu, na simu yake ilikwenda naye majini. Nilikuwa nikiibeba sauti kichwani nikidhani iko salama huko, lakini kila nikiitoa inakuja imefifia, mpaka nikawa nakumbuka maneno bila sauti, ukoko umebaki, ukoko umebaki, kama mtu anayesoma. Na duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa nayo.

Sijamsamehe. Naandika hivyo ili isije ikadhaniwa nilikwenda kupatana. Nilikwenda kibandani kwake siku moja asubuhi, mwaka na zaidi baada ya hukumu. Aliponiona alisimama, akaniwekea kiti, akafuta mikono.

"Karibu, mama."

"Niite," nikamwambia.

Alielewa papo hapo. Akatazama njiani, kulia na kushoto.

"Mahakama imenikataza."

"Mimi ndiye niliyekukataza. Leo nimekuruhusu. Mara moja tu."

Akasema haiwezekani. Nikamwambia sitaondoka. Tulikaa hivyo, mashine iliyofunguliwa kati yetu, mpaka machozi yakaanza kunitoka na sikuyafuta. Akainamisha kichwa. Akakohoa. Akaita, "Mama, ukoko umebaki?"

Ilikuwa sauti ya mzee. Ilianza katikati ikaishia katikati. Akajaribu tena, akapandisha mwanzo, ikakwaruza. Akajaribu mara ya tatu, na mimi nilikuwa nimefumba macho, nikimwombea apate, mtu yule yule niliyemshitaki. Hakupata.

"Sijaiita tangu siku ile," akasema. "Imenitoka."

Nikamwambia asante. Nikarudi nyumbani kwa miguu. Siku hizi, nikishafunga cherehani na kuingia ndani, huwa ninajaribu kuiita mwenyewe. Naanza juu, kisha nashuka. Mimi ni mama yake, nilimsikia kabla ya watu wote, na siipati.